Marc Spector na Watu Wake: Mjadala Kuhusu Nafsi za Moon Knight

Mtoa hoja

Moon Knight alizaliwa akiwa mtu wa kukodiwa. Agosti 1975, katika toleo la 32 la katuni ya Werewolf by Night, mwandishi Doug Moench na mchoraji Don Perlin walimleta mamluki aliyelipwa kumkamata mtu anayegeuka mbwa mwitu. Hakuwa na mengi zaidi ya vazi, ngumi na ujira. Mwaka uliofuata, katika toleo la 28 la Marvel Spotlight, wawili hao walipewa nafasi ya kumsimulia peke yake, na hapo ikabidi wajibu swali ambalo kila mwandishi wa mashujaa hukutana nalo: mtu huyu akivua kinyago chake, anarudi kwa nani? Walimpa Marc Spector majina mawili zaidi ya kuishi nayo, Steven Grant, tajiri wa jumba la kifahari, na Jake Lockley, dereva teksi wa New York. Na katika toleo hilohilo wakawaleta Bertrand Crawley, mzee asiye na makazi, na Gena, mama mwenye mgahawa. Majina na watu viliingia pamoja. Hoja ninayoitetea ni kwamba hilo halikuwa jambo la bahati. Nafsi za Spector zimeumbwa na watu wanaozijua, na kila mwandishi aliyezifungia ndani ya kichwa cha Spector na kuwafukuza watu hao amebaki na shujaa mdogo kuliko yule aliyempokea.

Tuangalie jinsi kitabu chake mwenyewe kilivyojengwa kilipoanza Novemba 1980, Moench akiwa sasa na mchoraji Bill Sienkiewicz. Marc Spector ni mtoto wa rabi wa Chicago aliyekuwa mwanajeshi, kisha mamluki. Jangwani, kaskazini mwa Afrika, kiongozi wake, Raoul Bushman, anamuua Dk. Alraune, mwanaakiolojia aliyekuwa akichimbua kaburi la farao. Spector anampinga, anapigwa, anaachwa mchangani afe, kisha anainuka mzima mbele ya sanamu ya Khonshu, mungu wa mwezi wa Wamisri wa kale. Wasimulizi wengi huishia kwenye sanamu. Mimi nawaomba mtazame anarudi Marekani na nani. Anarudi na Marlene, binti wa yule msomi aliyeuawa, na Jean-Paul DuChamp, rubani Mfaransa aitwaye Frenchie, mamluki mwenzake. Marlene anaishi naye katika jumba la Long Island na anampenda Steven. Frenchie anarusha helikopta, na kwake yeye huyu ni Marc yuleyule wa vitani, mwenye damu mikononi. Crawley na Gena wana Jake wao. Ukiuliza Moon Knight ni nani, jibu linategemea umeuliza katika nyumba ipi, na ndiyo sababu kitabu kile kilikuwa na uzito ambao wenzake wengi wa wakati ule hawakuwa nao.

Chukueni mgahawa wa Gena peke yake. Jake anaingia na kofia yake ya udereva na masharubu ya bandia, anaketi kaunta, anaagiza kahawa. Crawley yupo tayari, koti limechakaa, ulimi wa mtu aliyesoma sana, na amebeba habari za mitaani ambazo polisi hawazipati. Gena anawatania wote wawili huku akimimina kahawa, na wanawe Ray na Ricky wako tayari kutumwa popote. Kitu cha maana hapo ni kwamba Lockley hawezi kuamrisha. Grant anaweza kununua, Spector anaweza kupiga, lakini Lockley lazima akae, asikilize, anywe kahawa hadi mwisho, kwa sababu Crawley haongei na mtu mwenye haraka. Nafsi hiyo imefundishwa subira na watu wake. Mlinganishe na babu yake katika fasihi ya aina hii, The Shadow, aliyeandikwa na Walter Gibson kuanzia 1931. Yule naye alijificha katika sura ya tajiri, Lamont Cranston, na alikuwa na mawakala kila kona, mmoja wao dereva teksi aitwaye Moe Shrevnitz. The Shadow alimwajiri dereva teksi. Spector alikuwa dereva teksi. Hatua hiyo moja, kutoka kumtuma mtu hadi kukaa mahali pake, ndiyo uvumbuzi mkubwa wa Moench, na haina maana yoyote pasipo kaunta ya Gena.

Mpinzani wa kwanza

Mtoa hoja anazungumza kana kwamba nafsi ni koti la kuvaa ukienda kwa fulani na kulivua ukirudi. Hiyo ilikuwa katuni ya zamani, na tuna haki ya kuiacha. Mwaka uleule wa 1980 ambao Moon Knight alipata kitabu chake, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa wa nafsi nyingi katika mwongozo wake rasmi, na mwaka 1994 kikaubadilisha jina ili ieleweke kwamba tatizo ni nafsi moja iliyoshindwa kuungana. Ugonjwa huo huhusishwa na mateso makali ya utotoni. Haupatikani kwa kuendesha teksi. Waandishi wa baadaye waliposema wazi kwamba Marc ni mgonjwa, walimpa ukweli ambao Moench hakumpa. Jeff Lemire na mchoraji Greg Smallwood, mwaka 2016, walimwamsha katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kumwonyesha Steven akianza kama rafiki wa kubuni wa mtoto mpweke. Tamthilia ya Disney+ ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi: kaka mdogo aliyekufa maji pangoni, mama aliyemtesa yule aliyebaki, na mtoto anayejificha nyuma ya jina Steven ili asihisi kipigo. Hapo Marlene hayupo, Gena hayupo, na watazamaji wengi walilia. Watu wa pembeni ni mapambo. Jeraha ndilo hadithi.

Jibu la mtoa hoja

Nakubali nusu ya maneno hayo kwa moyo wote. Katuni za zamani zilichezea maradhi ya akili kama kichekesho cha shujaa kusahau jina lake, na aliyeandika jeraha kwa heshima amefanya kazi njema. Lakini mashahidi wawili alioleta mwenzangu wako upande wangu. Msomeni Lemire tena. Marc anafumbua macho hospitalini, na wagonjwa waliomo ni akina nani? Ni Crawley, Gena, Frenchie na Marlene. Mwandishi aliyetaka kuingia ndani kabisa ya akili ya mtu huyu alifika huko akakuta mgahawa mzima umeketi kwenye korido. Hakuweza kumpa Marc njia ya kutoka mpaka awepo mtu wa kutoka naye. Na hadithi ile inapokaribia mwisho wa matoleo yake 14, safari kubwa ya Marc si ya kumtafuta Khonshu. Anakwenda hadi kwa Anubis, mungu wa wafu, kumwomba roho ya Crawley. Shujaa anashuka kuzimu kwa ajili ya mzee wa barabarani anayempa habari kwa kikombe cha kahawa. Kama watu wa pembeni ni mapambo, Lemire hakupewa taarifa hiyo.

Tamthilia nayo inafundisha zaidi ya ilivyokusudia. Steven Grant wa Oscar Isaac ni muuzaji katika duka la zawadi la jumba la makumbusho London. Hana mtu. Kwa hiyo ana mazoea mawili ambayo watazamaji waliyaona ya kuchekesha mwanzoni. La kwanza, hukaa uwanjani na kusimulia maisha yake kwa mtu anayejipaka rangi na kusimama kama sanamu ili apewe sarafu, mtu asiyeweza kumjibu, na katika orodha ya waigizaji mtu huyo anaitwa Crawley. La pili, humpigia simu mama yake na kumwachia ujumbe mrefu wa mapenzi, siku baada ya siku, na baadaye tunaelewa kwamba mama huyo ameshakufa na kwamba upande wa pili wa simu hakukuwa na mtu tangu mwanzo. Mimi sijaona picha nzuri kuliko hiyo ya hoja yangu. Nafsi iliyonyimwa watu inawabuni, maana bila wao haiwezi kusema hata asubuhi yake ilikuwaje. Watazamaji walilia kwa sababu Steven alikuwa akimtafuta mtu wa kumsikia, na jeraha lilikuwa maelezo ya kwa nini hamwoni. Hata tiba yenyewe, anayoitegemea mwenzangu, hufanyika watu wawili wakizungumza. Jed MacKay alilielewa hilo mwaka 2021 alipoanza kumwandika Marc akiwa amekaa mbele ya Dk. Andrea Sterman, mtaalamu wa saikolojia asiyemwogopa wala kumstaajabia, na mazungumzo yao yakawa mgongo wa kitabu chote.

Kuna mfano wa upande wa pili, na sitaupita. Mwaka 2011 Brian Michael Bendis na mchoraji Alex Maleev walimhamishia Los Angeles na kumpa nafsi mpya kichwani: Spider-Man, Wolverine na Captain America. Zote ni za ndani, hazina mtaa, hazina rafiki, hazidaiwi na mtu. Mtu pekee wa kweli aliyempa uzito katika hadithi ile, Maya Lopez, mwanamke kiziwi aliyemsoma Marc kuliko yeye alivyojisoma, aliuawa, na kitabu kikafungwa katika toleo la 12. Sauti tatu za mashujaa maarufu kuliko wote wa kampuni hazikuweza kuwa na uzito wa Gena mmoja.

Mpinzani wa pili

Mimi natoka upande wa wachoraji na wasomaji wa kurasa. Mwaka 2014 Warren Ellis na mchoraji Declan Shalvey walifanya matoleo 6 tu. Waliwaondoa wote, Marlene, Frenchie, Gena, wakamwacha mtu mwenye suti nyeupe na kinyago cheupe anayetembea New York usiku. Toleo la 5 ni jengo moja. Msichana ametekwa, yuko juu, na Moon Knight anapanda ghorofa baada ya ghorofa akipiga kila anayemkuta ngazini, karibu bila neno, hadi amfikie. Hakuna kahawa, hakuna porojo. Wasomaji wengi wanalitaja kuwa toleo bora la shujaa huyu katika karne hii. Tena tusidanganyane kuhusu historia. Kitabu chake kilichodumu kuliko vyote ni Marc Spector: Moon Knight, kuanzia 1989 hadi 1994, matoleo 60, na jina lake linasema wazi ni nafsi gani iliyobeba mzigo. Kile cha Moench na waliomfuatia kiliishia 38.

Jibu la mtoa hoja

Toleo la 5 la Ellis na Shalvey ni kazi ya hali ya juu, na anayelidharau hajui kusoma picha. Nguvu yake ni kwamba kila ghorofa ina mpangilio wake wa mwili na ngazi, na jicho halichoki. Lakini lisomeni kisha mseme msichana yule alirudi kwa nani, na Marc alilala wapi usiku ule. Kitabu hakihitaji kujua, kwa sababu kinasimulia usiku mmoja. Ellis mwenyewe aliondoka baada ya matoleo 6, na waliokipokea, wakifikisha toleo la 17, walikuta suti nzuri sana isiyo na nyumba ya kurudi. Usiku mmoja unaweza kuishi bila watu. Maisha hayawezi, na katuni inayotoka mwezi baada ya mwezi ni maisha.

Kuhusu hesabu, nisingependa kuuza hoja yangu kwa idadi ya matoleo, maana katuni hufa kwa sababu nyingi, bei ya karatasi ikiwa mojawapo. Ila kwa kuwa tumezigusa, zisomwe zote. Kati ya 38 na 60 kulikuwa na kitabu cha tatu, Fist of Khonshu, mwaka 1985. Humo Marc aliamua kuwa mmoja. Alimtupa Grant, akamtupa Lockley, akabaki Spector mtumishi wa mungu wake. Marlene alimwacha. Hakumwacha kwa hasira ya siku moja. Mwanaume aliyempenda alikuwa ameambiwa na Marc kwamba hakuwahi kuwepo, na angebaki na nani? Kitabu kilidumu matoleo 6. Na katika kile cha 60, chenye jina la nafsi moja kwenye jalada, waandishi walifanya nini? Walimrudisha Frenchie, walimrudisha Marlene. Jalada lilisema moja na kurasa zikasema lingine.

Mpinzani wa tatu

Nimesikiliza, na kinachonisumbua hakijaguswa. Mnawaita watu wake. Wake kwa namna gani? Crawley ni maskini anayelipwa kwa habari zake na milionea aliyejifanya dereva. Frenchie anaendesha, Samuels, mtumishi wa jumba, anafungua mlango, mwenzake Nedda anapika, Gena anahudumia, wanawe wanatumwa. Spector anawatembelea watu wa tabaka la chini kama mtalii, kisha anarudi kwenye jumba. Uvumbuzi mnaousifu, wa tajiri kukaa kwenye kiti cha teksi, ni upelelezi juu ya maskini. Na sisi wasomaji wa Afrika tuna swali letu. Mwafrika anayeonekana waziwazi katika chimbuko la hadithi hii ni Bushman, muuaji aliyechorwa usoni sura ya fuvu na mwenye meno ya chuma. Bara zima limetoa mungu wa kumpa Mmarekani uhai na shetani wa kumpa kisasi.

Jibu la mtoa hoja

Kati ya sauti zote tatu, hii ndiyo iliyoniumiza, na sitaijibu kwa kujikinga. Kuhusu Bushman hakuna utetezi. Moench alihitaji ukatili akauvalisha uso wa Kiafrika kwa njia nyepesi kabisa, na kasoro hiyo imo kwenye msingi wa hadithi. Nitasema tu kwamba ilirekebishwa kwa njia ileile ninayoitetea, kwa kuleta watu. Tamthilia ya 2022 iliongozwa kwa sehemu kubwa na Mohamed Diab, Mmisri aliyekuwa amelalamika hadharani jinsi filamu za Marekani zinavyoichora nchi yake, na akaleta Cairo yenye foleni, boti na muziki wa vijana, na akamleta Layla El-Faouly, aliyeigizwa na May Calamawy. Layla ni mke wa Marc na ni binti wa mwanaakiolojia aliyeuawa, yaani amechukua nafasi ya Marlene, lakini aliyeuawa sasa ni baba wa Kimisri na msiba ni wa Mmisri. Katika kipindi cha mwisho anapigana mtaani akiwa na mabawa ya dhahabu, na msichana mdogo anamuuliza kama yeye ni shujaa wa Kimisri. Layla anamjibu kwamba ndiyo. Jibu fupi, na nina hakika wapo watoto waliolisubiri kuliko walivyomsubiri Moon Knight mwenyewe. Badiliko moja la mtu wa pembeni limefanya kile ambacho nafsi kumi mpya za Marc zisingeweza.

Kuhusu kuwatumia watu, nakubali pia, na nadhani hapo ndipo hoja yangu inapopata meno. Nafsi zikiwa kichwani tu, hakuna anayeweza kumshitaki Marc. Zikiwa kwa watu, wanaweza. Ndicho walichofanya waandishi bora waliomfuata Moench. Mwaka 2006 Charlie Huston na mchoraji David Finch walimwonyesha Frenchie akiwa amepoteza miguu, akiendesha mgahawa wake mwenyewe, na akimwambia Marc kwa mara ya kwanza kwamba miaka yote ile alimpenda, na kwamba Marc hakuona kwa kuwa hakuwahi kumtazama rubani wake zaidi ya kiti chake. Huo ni ushahidi wa mashitaka, umetolewa na shahidi wa kwanza kabisa. Na Max Bemis, alipoandika kuanzia 2017, aligundua kwamba Jake, nafsi iliyodharauliwa kuliko zote, alikuwa amerudi kwa Marlene kwa siri, na wana binti, Diatrice. Marc anaambiwa ana mtoto. Anaweza kutoa udhuru wa ugonjwa, anaweza kusema ni Jake. Marlene hana anasa hiyo. Kwake yupo mwanaume mmoja mwenye deni, kwa jina lolote atakalobisha nalo mlangoni.

Anayebaki kunidai ni Crawley. Aliingia mwaka 1976, na bado hatujui kwa ukamilifu alikuwa nani kabla ya barabara, wala yeye anamwonaje yule dereva anayemnunulia kahawa. Mpinzani wa tatu akisema hilo ni dhuluma, mimi namuunga mkono. Mwandishi atakayefuata ampe Crawley toleo zima, na amwache Jake aketi kaunta akisikiliza hadi ukurasa wa mwisho.